Barua Niliyodhani Nimeituma

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wenzangu habari za siku nyingi. Leo sitembezi kamera barabarani. Nimekaa mezani na laptopu yangu, kwa sababu kuna jambo lilinipata safarini, na mpaka sasa nikilikumbuka roho inaniuma.

Nilikuwa nimesafiri kikazi. Mdogo wangu huko nyumbani alikuwa anaomba nafasi ya masomo, na mimi ndiye niliyetakiwa kumtumia barua ya udhamini yenye saini yangu, aiwasilishe kabla ya saa sita mchana siku inayofuata. Usiku nikiwa hotelini nikaandika barua pepe, nikaambatisha faili, nikabonyeza tuma. Dirisha likajifunga kama kawaida. Nikafunika laptopu, nikalala.

Asubuhi simu inaita. "Kaka, mbona hujatuma?" Nikamwambia nimetuma tangu jana, tazama vizuri, tazama na kwenye barua taka. Akasema ametazama mara nne. Nikamjibu kwa ukali. Nilimfokea mtoto wa watu ambaye hajalala kwa wasiwasi, halafu ndipo nikafungua laptopu na kuingia kwenye folda ya zilizotumwa. Barua haimo. Ilikuwa kwenye kikasha toezi, yaani pale zinapokaa barua zinazosubiri kutoka. Imekaa usiku kucha, haijasogea hata hatua moja.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba barua za watu wengine zilikuwa zinaingia. Mtandao upo, kurasa zinafunguka, barua mpya zinamiminika, ila ya kwangu haitoki. Ukiona hivyo unaamini kila kitu ni kizima. Ndiyo maana nataka tulielewe hili vizuri, maana najua wengi wenu mna watoto, kaka na dada walioko safarini, na huwa mnadhani wamewasahau.

Kupokea barua pepe na kutuma barua pepe ni safari mbili tofauti, zinazopita milango tofauti. Unapopokea, programu yako inakwenda kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma wako inayotunza na kupeleka barua, inataja jina na nenosiri, inachukua barua. Popote ulipo duniani, ukiwa na nenosiri sahihi, kwa kawaida unafunguliwa. Kutuma kuna historia nyingine.

Itifaki ya kutuma, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata zikipelekeana barua, inayoitwa SMTP, iliandikwa na Jonathan Postel mwezi Agosti 1982. Wakati huo mtandao ulikuwa wa watu wachache, wengi wao watafiti, na waliaminiana. Hakuna nenosiri lililodaiwa. Seva ilipokea barua ya yeyote na kuipeleka kwa yeyote. Mlango wake ulikuwa mmoja, poti namba 25. Baadaye wakaja watu wa barua taka, wakaigeuza ile imani kuwa biashara. Wenye seva wakalazimika kufunga. Wakasema: tutampelekea barua yule tu tunayemjua.

Sasa mwenye seva anakujuaje? Hapa ndipo mimi niliponaswa. Kampuni nyingi za intaneti zilichagua njia rahisi: zinamtambua mteja kwa anwani ya mtandao anayotumia. Ukiwa nyumbani kwako, umeunganishwa na waya wao, wewe ni wao, tuma utakavyo bila nenosiri. Ukitoka, ukaingia kwenye mtandao wa hoteli au wa uwanja wa ndege, anwani imebadilika. Kwao umekuwa mgeni tu anayebisha hodi usiku, na mgeni hapokelewi.

Laptopu yangu niliipanga hivyo miaka mingi iliyopita: seva ya kutuma barua ni ya kampuni iliyoniletea intaneti nyumbani, poti ni 25, nenosiri la kutuma hakuna. Ilifanya kazi miaka yote hiyo kwa sababu nilikuwa natumia pale pale sebuleni. Kosa lilikuwamo siku zote, safari imelifichua tu.

Na hata kama seva ingenikubali, bado kungeweza kuwa na ukuta wa pili. Mitandao mingi ya hoteli na ya wageni huziba poti 25 kabisa. Hawafanyi hivyo kwa ubaya. Kompyuta iliyoambukizwa virusi inaweza kumwaga maelfu ya barua taka kupitia poti hiyo, na mwenye mtandao ndiye anayeishia kwenye orodha nyeusi ya watuma barua taka. Kwa hiyo anaziba, na mimi na barua yangu halali tunazibiwa pamoja na wahalifu.

Dawa yake ipo, na si mpya. Desemba 1998 ulitolewa mwongozo uliotenga poti nyingine, 587, kwa ajili ya mtu anayekabidhi barua yake kwa mtoa huduma wake. Mwaka 2018 wataalamu wakapendekeza poti 465, ambayo mawasiliano yake yamefichwa tangu neno la kwanza. Zote mbili zinafaa safarini. Kinachotakiwa ni hivi: seva ya kutuma iwe ya yule yule anayekutunzia barua pepe, wala si ya kampuni ya intaneti ya nyumbani, uthibitishaji uwashwe, uweke anwani yako nzima ya barua pepe na nenosiri, na usimbaji, yaani kuficha mawasiliano njiani, uwashwe: kwenye mipangilio chagua TLS kwa 465, STARTTLS kwa 587. Basi. Hapo seva haiulizi tena umesimama wapi, inauliza wewe ni nani.

Asubuhi ile sikuyajua haya. Nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya tukishikwa na hofu: nikaanza kubadilisha kila kitu. Nikabadilisha jina la seva, nikabadilisha poti, nikakaribia kuifuta akaunti yote niiweke upya. Namshukuru Mungu sikuifuta. Ndugu zangu, kama programu yako inapakua barua kwa njia iitwayo POP na kuziondoa kwenye seva, nakala pekee uliyonayo duniani inaweza kuwa humo ndani ya laptopu. Ukifuta akaunti kwa haraka, unaweza kupoteza miaka ya barua pamoja na ile iliyokwama. Usifute. Kabla hujagusa chochote, piga picha mipangilio yako kwa simu, ili ukipotea uweze kurudi ulikotoka.

Barua ya mdogo wangu ilitoka kwa njia ya kivinjari. Nilifungua tovuti ya barua pepe yangu, nikaingia, nikaambatisha faili upya, nikatuma. Ilimfikia zikiwa zimebaki dakika arobaini. Hii ndiyo huduma ya kwanza, ikumbukeni: kivinjari kinapita poti 443, mlango ule ule wa tovuti zote salama, na mtandao ukiuziba huo basi hakuna anayeweza kufungua karibu ukurasa wowote. Kwa hiyo ukikwama na una haraka, nenda kwenye kivinjari kwanza. Ukarabati uje baadaye, ukiwa umetulia.

Ukitulia, sikiliza seva inasema nini. Mimi nilikuwa nafunga ile taarifa ya kosa bila kuisoma, na jibu lilikuwa mle mle. Kama programu inazunguka tu, inazunguka, halafu inasema muda umekwisha, mara nyingi poti imezibwa njiani; hukuifikia seva kabisa. Kama imekujibu kwa namba, umefika mlangoni na unakataliwa kwa sababu fulani. Namba inayoanza na 4 maana yake ni subiri, jaribu tena. Inayoanza na 5 maana yake imekataa, na ukirudia vile vile itakataa tena. 550 yenye maneno kuhusu kupitisha barua (kwa Kiingereza relay) ni ile hali yangu, hakutambui. 535 ni jina au nenosiri halikukubaliwa. 552 mara nyingi ni uzito umezidi.

Kuhusu uzito, niseme kidogo tu. Faili likipachikwa kwenye barua hubadilishwa kuwa herufi, na hapo linanenepa kwa theluthi moja. Faili la megabaiti 21 linasafiri kama 28. Ndiyo maana unaona liko chini ya kikomo cha megabaiti 25 alichoweka mtoa huduma na bado linarudishwa.

Kuna na lile jambo la Wi-Fi za hoteli ambalo huwapata wengi. Laptopu inaonyesha imeunganishwa, lakini mwenye mtandao anataka kwanza ufungue ukurasa wake, ukubali masharti au uweke namba ya chumba. Programu ya barua pepe haiwezi kukuonyesha ukurasa huo. Inabaki kubisha tu. Fungua kivinjari, maliza hayo, ndipo urudi kwenye barua. Na usishangae ikikatika tena baadaye, kwa maana ruhusa nyingine zina muda wake.

Wakati mwingine, kabla hujaukubali ukurasa huo, programu inakutolea onyo kwamba cheti cha usalama si sahihi. Hapa nawaomba, nawasihi kabisa, msibonyeze kukubali ili mradi tu barua iondoke. Cheti ndicho kinachoihakikishia laptopu kwamba inaongea na seva ya kweli. Ukikubali cheti usichokijua, unaweza kuwa unamkabidhi mtu mwingine nenosiri lako mkononi. Tazama kwanza kama umepita ule ukurasa wa hoteli. Tazama na saa na tarehe ya laptopu. Saa ikiwa imepotea sana, hata cheti kizuri kitaonekana kimekwisha muda. Onyo bado lipo? Achana na mtandao huo, tumia intaneti ya simu yako.

Halafu nenosiri lenyewe. Kwa akaunti binafsi za Gmail, tangu tarehe 30 Mei 2022, programu inayotaka jina na nenosiri la kawaida pekee haikubaliwi tena. Inabidi programu ikupeleke kwenye ukurasa wa kuingia wa Google wenyewe, au utengeneze nenosiri maalumu la programu. Mwenye laptopu ya zamani na programu ya zamani anaweza kuandika nenosiri sahihi mara kumi na kukataliwa mara kumi, mpaka aanze kujitilia shaka akili yake.

Lakini kinachowaumiza wasafiri kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni ile tarakimu ya uthibitisho. Unaingia kutoka nchi ngeni, mtoa huduma anashtuka, anatuma SMS kwenye laini yako. Laini umeiacha nyumbani, au haishiki mtandao huko uliko. Umefungiwa nje ya barua zako mwenyewe, siku unayozihitaji kuliko siku zote. Kabla ya safari weka programu ya uthibitishaji kwenye simu, maana inatoa tarakimu hata bila intaneti, na uchapishe zile nambari za akiba za kuingilia usipopata SMS, uziweke pamoja na pasipoti.

Nanyi mlioko nyumbani, mtu wenu akiwa njiani na barua yake haijafika, msinyamaze mkisema ameringa. Mpigieni. Mwambieni afungue folda ya zilizotumwa, siyo akumbuke tu kwamba alibonyeza. Mdogo wangu angeogopa kunipigia asubuhi ile, nafasi ingekwenda. Nilimwomba radhi siku hiyo hiyo, na leo namwomba tena mbele yenu.

Nimebakiza kitu kimoja nilichojifunza nikakipenda sana, kwa sababu hakihitaji utaalamu. Siku chache kabla ya kusafiri, ukiwa bado nyumbani, zima Wi-Fi yako. Washa intaneti ya simu, iunganishe na laptopu, kisha jitumie barua pepe moja yenye kiambatisho. Kwa laptopu yako hiyo tayari ni safari. Umetoka kwenye mtandao uliouzoea. Ikikwama, utajua ukiwa bado kwenye kiti chako, una muda, na hakuna mtu anayekusubiri hadi saa sita mchana.