Toka Nje ya Kipande Kwanza

Asanteni. Wazee wangu mlioko mbele, shikamooni. Mafundi wenzangu, na vijana mliojibanza pale kwenye feni, habari zenu. Hili la kuzungusha vipande kwenye kompyuta nimelisema Masasi, nimelisema Nachingwea, na bado naletewa orodha za kukatia, zile za vipimo vya kila kipande, zenye kasoro ileile. Kwa hiyo leo Mtwara nalirudia, atakayechoka achoke.

Chukueni ubao wa kukaza mgongo wa kabati: urefu milimita 600, upana 100. Kijana ameuchora kwenye SketchUp, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, ameufanya kipande kinachojitegemea. Anataka ukae mshazari, digrii 45. Anabofya mara mbili, anaingia ndani ya kipande, anachagua kila kitu, anazungusha. Kwenye kioo umekaa vizuri, hata mimi ningempongeza. Sasa atoe orodha ya kukatia. Imeandikwa 495 kwa 495! Ubao umekuwa kifuniko cha stuli.

Programu haiutazami ubao kama wewe. Inapima kisanduku kinachouzunguka, na kisanduku hicho kinafuata mihimili ya kipande chenyewe, yaani mistari yake ya mwelekeo, ile mitatu: mwekundu, wa kijani na wa bluu. Ukiingia ndani ukageuza ubao peke yake, mihimili inabaki ilipokuwa. Hapo kwa eneo umeagiza karibu mara nne ya unachohitaji, na bodi hizi mnajua bei yake. Toka nje kwanza! Bofya pembeni, kishike kipande kikiwa kimefungwa, ndipo uzungushe. Mihimili itakwenda nacho, na orodha itabaki 600 kwa 100 hata ukikipindua kichwa chini miguu juu. Mchonga vinyago wa Newala anaugeuza mpingo mikononi kutwa nzima, wala hapotezi kichwa cha kinyago kiko upande gani.

Najua kuna mzee hapa anasema moyoni, mimi nachora kwa penseli juu ya ubao na makabati yangu yanasimama. Kweli mzee wangu, yanasimama. Ila penseli yako haiwezi kukugeuzia mlango bila ruhusa. Programu ya kupanga vipande kwenye bodi inaweza, tena mchana kweupe.

Bodi ni 1220 kwa 2440, mistari yake ikienda na urefu. Una milango ya upana 450 na kimo 600, mistari ya mbao isimame wima. Ukiiacha programu ijiamulie, inailaza yote na kukupa milango 10. Ukifunga mwelekeo, isiweze kuigeuza, unapata 8. Mwenye karakana anashangilia ile 10, mpaka mama mwenye jiko aone mistari ya milango imelala na ya mbavu za kabati imesimama. Nani ataibeba hasara hiyo? MDF, bodi ya unga wa mbao, ya kupaka rangi iache izunguke itakavyo, haina mistari. Bodi yenye sura ya mbao, funga.

Na msiniambie ninyi ni watu wa mninga tu. Mninga unasifika kwa kutulia, sikatai, lakini mbao zote hutanuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na unyevu wa pwani hii mnaujua. Geuza uso wa droo nyuzi zisimame badala ya kulala, uone mvua za Januari zitakavyoibana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka: kuzungusha si sawa na kuakisi, yaani kugeuza kushoto kuwa kulia kama kwenye kioo cha kujitazamia. Ubavu wa kushoto ukiuzungusha digrii 180 ili uwe wa kulia, mfereji wa kuchomekea mgongo unakuja mbele. Akisi. Kuhusu kuchagua ncha ya kuzungushia, hiyo naiacha, tutaifanya kwa vitendo baada ya chai. Wenye kompyuta mpakato njooni nazo meza ya dirishani, na chaja zake, maana soketi inayofanya kazi ni moja.