Salme na kaka yake aliyeujenga mji huu

Shikamooni wazee wangu, na nyote habari za jioni.

Wengi wenu mmepita Sokoine Drive mkija hapa. Pale kwenye kona ya Barabara ya Morogoro lipo jengo la mawe ya matumbawe, Boma la Kale. Lilijengwa miaka ya 1860 kwa amri ya Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, ili apate pa kuwafikishia wageni wake alipoanza kuujenga mji huu. Majid tunamtaja shuleni kuwa mwanzilishi wa Dar es Salaam, kisha basi. Leo nataka tumtazame kama kaka wa mtu.

Mtu huyo ni Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Baba yao mmoja, Sayyid Said, Sultani aliyemtangulia Majid, mama mbalimbali. Lakini mama zao, masuria wote wawili, walikuwa mashoga wa kushibana, na waliahidiana kuwa atakayetangulia kufa, mwenzake atawalea wanawe. Mama yake Majid akatangulia. Basi Salme akahamia na mama yake nyumbani kwa Majid, na Majid ndiye aliyemfundisha binti yule mdogo kushika upanga na kulenga shabaha. Nawaomba hilo mlishike.

Kuandika hakufundishwa. Wasichana wa jumbani walisomeshwa Kurani, kalamu haikuwa yao. Salme akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, mfupa mpana, ambao ndio uliokuwa ubao wa siku zile. Nikimfikiria amejifungia chumbani, wino mkononi, huku akisikiliza nyayo za watu, moyo wangu unajaa.

Sayyid Said akafariki baharini mwaka 1856, Majid akakalia kiti cha Unguja. Mdogo wake Barghash hakuridhika, na mwaka 1859 akapanga kumpindua. Njama inataka barua, na barua za siri haziandikwi na mtu baki. Dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda mno, alikuwa upande wa Barghash. Ndivyo binti wa miaka 15 alivyokuwa karani wa njama dhidi ya kaka aliyemlea.

Majid akaizingira nyumba ya Barghash. Usiku dada zake wakaingia na kundi la wanawake, wakamtoa amejifunika nguo za kike, mbele ya macho ya askari. Haikumfaa kitu: alishindwa kwenye shamba liitwalo Marseille, huko huko Unguja, Waingereza wakimsaidia Majid, akapelekwa uhamishoni Bombay. Salme je? Majid hakumwadhibu. Baada ya muda wakapatana, na kupatana kule ndiko kulikomtenga na Khole na Barghash. Ndugu wa baba mmoja wanaojua hesabu za namna hii wamo humu ukumbini, sina haja ya kueleza zaidi.

Mwaka 1866 Salme, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko akabatizwa jina la Emily, akaolewa, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu, akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Miezi michache tu baadaye Majid naye akafariki, na mji wetu huu ukabaki haujakamilika. Aliyerithi kiti ni Barghash.

Hapo ndipo pananiuma zaidi. Salme alifika London mwaka 1875 Barghash alipokuwa ziarani, wakubwa wa Uingereza wakamzuia asimwone kwa ahadi ambazo hawakuzitimiza. Mwaka 1885 akarudi Unguja pamoja na manowari za Wajerumani, kudai mirathi yake. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alihitaji kisingizio cha kumbana Sultani, na mjane mwenye dai halali alikuwa kisingizio kizuri. Barghash akakataa kumpokea. Mkono uliomwandikia barua zake zote za siri, hakutaka hata kuushika.

Alifia Jena, Ujerumani, mwaka 1924, na kaburi lake liko Hamburg. Katika vitu vyake walikuta kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Wakamzika nacho.