Hela ya ndizi na hela ya kahawa

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Moshi, habari za jioni.

Nianzie jikoni kwa mama yangu, Kibosho. Siku ya soko alitoka alfajiri, mkungu kichwani, kwenda Kiboriloni. Akirudi anakaa kwenye kigoda, anafungua pindo la khanga na kupanga hela mafungu: hili la chumvi na mafuta ya taa, hili la madaftari, hili la upatu maana kijumbe anapita jioni. Hakuna shilingi iliyobaki bila kazi. Hela ya kahawa ilikuwa na njia yake. Mama alichuma, akakoboa, akaosha, akaanika, akachambua mbovu. Lakini mwanachama wa chama cha msingi, ushirika uliouza kahawa yetu, alikuwa baba, kwa kuwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa chake. Malipo yakitoka, mama alijua kiasi baba akipenda kumwambia. Simsemi baba vibaya. Karo alilipa, na nyumba aliiezeka bati.

Gary Becker, mchumi wa Chicago aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, aliingiza ndoa, watoto na kazi za nyumbani katika hesabu za uchumi. Kwake, saa ya kuteka maji ina thamani hata kama hakuna anayeilipa. Kwa hilo namshukuru sana. Ila katika hesabu hizo, nyumba yenye mkuu anayewapenda watu wake hutumia kama mtu mmoja, na haijalishi hela imepitia mkono wa nani. Mimi niliyelelewa na hela ya ndizi siwezi kukubali.

Tena Uingereza jambo hilo walilipima. Zamani baba mwenye watoto alipunguziwa kodi kwenye mshahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nafuu hiyo ikaondolewa, na badala yake mama akawa anapewa posho ya watoto mkononi. Watafiti walipochunguza matumizi, waliona nguo za wanawake na watoto zimeongezeka zikilinganishwa na za wanaume. Hela ilibadili mkono tu!

Hapa kwetu, Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, na mgawanyo chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 uuzingatie. Ni uamuzi mzito, na ninauheshimu. Kinachoniuma ni kwamba hesabu hiyo hufanywa ndoa ikishavunjika. Jasho la mama linapigiwa hesabu siku anapofungasha virago, wakati miaka yote waliyokula chungu kimoja hakuna aliyeliandika popote.

Mimi nataka liandikwe wakati bado wanakula pamoja. Viongozi wa vyama vya msingi mliokaa safu ya mbele, kabla hatujaenda kwenye maswali, naomba mniambie: kwenye daftari lenu la wanachama, wanawake ni wangapi?