Jinsi ya kuchora ngozi kwa vidole, kwa mtindo wa Amoako Boafo

Karibuni. Leo brashi ni ya nguo na mandhari ya nyuma tu. Uso wote tunauchora kwa vidole na rangi ya mafuta. Ndiyo mbinu inayomtambulisha Amoako Boafo, Mghana aliyezaliwa Accra mwaka 1984 na kusomea Vienna. Zisogelee picha zake: ngozi imejaa michirizi inayojipinda, na nyuma ya mtu pametulia, mara nyingi rangi moja tu. Utulivu huo ndio unaoifanya ngozi ionekane hai, kwa hiyo usiujaze mapambo.

Vaa glavu nyembamba za naitrili, yaani mpira wa kutengenezwa viwandani. Za mpira wa kawaida hulegezwa na mafuta, na baadhi ya rangi zina kadmiamu, metali yenye sumu.

Chora uso kwa mkaa, kisha paka nyuma kwa akriliki, rangi inayochanganywa na maji. Subiri ikauke kabisa. Rangi ya mafuta hukaa vizuri juu ya akriliki. Ukigeuza mpangilio, akriliki itabanduka.

Sasa paleti, yaani rangi tutakazochanganya. Kwa kivuli, changanya sehemu 3 za amba iliyochomwa (kahawia iliyokolea) na 1 ya bluu ya ultramarini. Kwa rangi ya kati, sehemu 2 za siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) na 1 ya oka ya njano (njano ya udongo). Nyeusi ya tyubu iache, inaua joto la ngozi. Sehemu zinazong'aa ndizo zinazowashinda wengi: wakiongeza nyeupe peke yake, uso unapauka kama uliopakwa majivu. Chukua rangi ya kati, tia nyeupe kidogo na chembe ya bluu, maana mwanga wa dirishani kwenye ngozi nyeusi hurudi na ubluu.

Tazama kidole changu. Nachota rangi kwa ncha, nabonyeza, navuta sentimita 2 hivi, nainua. Shavuni nafuata mviringo, puani nateremka. Anza na vivuli, malizia na mng'ao. Futa kidole kila unapobadili rangi, na pakishaguswa mara tatu paache. Ukiendelea kusugua, rangi zote zinakuwa tope na michirizi inapotea. Ikitokea, usirundike rangi juu yake. Kwangua kwa kisu cha paleti, uanze upya hapo.

Ukimaliza, vitambaa ulivyofutia, vyenye mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi, usivirundike pamoja: hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje, kimoja kimoja, hadi vikauke.