Mihimili Ikatane Wapi?

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema. Chukueni chati ya nguzo ya faida na hasara kwenye Excel. Miezi ya hasara nguzo zinashuka chini ya sifuri na kugongana na majina ya miezi. Hapo watu wengi wanahamisha mahali mihimili, yaani mstari mlalo wa majina na ule wima wa namba, inapokatana, kutoka 0 hadi -40, ili majina yashuke. Majina yanashuka, kweli. Lakini tazameni nguzo! Nguzo huanzia pale mihimili inapokatana, haianzii sifuri. Mwezi wenye hasara ya 10 sasa una nguzo inayopanda juu vizio 30. Mwezi wenye hasara ya 40, ulio mbaya kuliko yote, hauna nguzo kabisa. Kwenye jedwali hakuna namba iliyoguswa, na bado chati inadanganya.

Acheni makutano kwenye 0. Bofya kulia mhimili mlalo, fungua mpangilio wake, shuka hadi sehemu ya lebo, kisha kwenye mahali pa lebo chagua chini. Majina yanakwenda ukingoni, nguzo zinabaki za kweli.

Mtaniuliza, basi makutano yasiguswe kamwe? Hapana. Kama lengo ni 75 na unataka ionekane nani amelivuka na nani hajalifikia, weka makutano kwenye 75, na uandike hivyo kwenye kichwa cha chati. Chati ya mistari nayo haina hatari hii, kwa sababu mstari unaunganisha nukta tu.

Sasa, wapi pa kubofya. Kwenye Excel, ukitaka kuhamisha mhimili mlalo, fungua mpangilio wa mhimili wima, maana thamani ya makutano inasomwa huko. Ukifungua wa mlalo utahamisha ule wima, halafu uilaumu programu. LibreOffice Calc, programu nyingine ya majedwali, ni kinyume: unachagua mhimili uleule unaotaka kuuhamisha.

Muda unakwisha, kwa hiyo haraka haraka. Kipimo cha logi, ambacho kila hatua yake inazidisha kwa 10: nguzo za thamani chini ya 1 zikining'inia, andika makutano sawa na kiwango cha chini cha mhimili, mfano 0.001. Nguzo zilizolala: ukigeuza mpangilio wa majina, namba zinaruka juu; hapo, kwenye mhimili huohuo wa majina, chagua makutano yawe kwenye kategoria ya mwisho, yaani jina la mwisho, nazo zitarudi chini.