Kipindi cha leo: John H. White, kamera na darasa

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo kaka Baraka nami tunamzungumzia John H. White, mpiga picha za habari wa Chicago aliyetwaa Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari nchini Marekani, mwaka 1982, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifanya kazi gazetini na papo hapo akifundisha Columbia College Chicago. Kaka, naomba uanze na tuzo yenyewe, kwa sababu uliniambia kuna jambo ndani yake ambalo watu hulipita.

BARAKA: Ahsante, dada Zuhura. Wengi wakisikia Pulitzer hufikiria picha moja iliyoutikisa ulimwengu. White hakutuzwa kwa picha moja, bali kwa ubora wa kazi zake mfululizo katika mada mbalimbali. Mimi ninayefundisha upigaji picha naliona hilo kuwa kubwa mno. Picha ya bahati siwezi kumfundisha mwanafunzi, maana hutegemea alikuwa amesimama wapi siku hiyo. Lakini mazoea ya kutoka kila siku na kurudi na picha yenye maana, hata pale mji mzima unapokuwa umetulia, hayo yanafundishika. Niongeze kwamba Columbia College Chicago si Columbia University ya New York, ambayo ndiyo inayosimamia tuzo za Pulitzer. Wanafunzi wangu huvichanganya vyuo hivi kila mwaka.

ZUHURA: Na safari yake ilianzia mbali. Alizaliwa mwaka 1945 huko Lexington, North Carolina, na kamera yake ya kwanza aliipata akiwa na miaka 13, kwa karatasi 10 za kufungia jojo na senti 50. Baadaye alikuwa mpiga picha katika kikosi cha wanamaji cha Marekani, akaingia Chicago Daily News mwaka 1969, na gazeti hilo lilipofungwa mwaka 1978 akahamia Chicago Sun-Times. Lakini wewe unazipenda zaidi picha alizopiga nje ya gazeti.

BARAKA: Nazipenda sana. Mwaka 1973 na 1974 alishiriki mradi wa serikali ulioitwa Documerica, ulioendeshwa na wakala wa kulinda mazingira wa Marekani, akapiga picha za maisha ya Wamarekani Weusi wa Chicago. Picha hizo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani na yeyote anaweza kuzitazama bure. Kuna moja ya Juni 1973, mtaa wa Woodlawn, upande wa kusini wa mji, ambapo watoto wanacheza kwenye maji yanayoruka kutoka bomba la zimamoto lililofunguliwa barabarani. Maelezo yaliyoambatana nayo yanasema watoto hao hawaendi kwenye fukwe za mji, kwamba kujipoza kwa maji ya bomba ni desturi ya mtaa, na kwamba wakazi wake ni watu wa kipato cha chini sana. Kisha maelezo hayo hayo yanaeleza kwamba kati ya mwaka 1960 na 1970, sehemu ya Weusi wa Chicago waliokuwa na kipato cha dola 7,000 au zaidi ilipanda kutoka asilimia 26 hadi 58.

ZUHURA: Kwa hiyo msomaji hawezi kuwahurumia watoto wale tu, kisha akaondoka.

BARAKA: Hawezi. Anaona furaha, anasoma umaskini, halafu anakutana na tarakimu inayomlazimu kuitazama picha upya.

ZUHURA: Hilo linanigusa. Niliwahi kutumwa na chombo kimoja cha habari kwenye soko lililoungua, nikiwa na daftari mkono mmoja na simu mkono wa pili, nikarudi na picha arobaini ambazo sikujua jina la mtu hata mmoja aliyekuwemo. Ndiyo maana habari ya tarehe 30 Mei 2013 iliniuma. Siku hiyo Sun-Times liliwaachisha kazi wapiga picha wake wote 28 walioajiriwa, White akiwemo baada ya miaka 35 gazetini hapo. Lilieleza kuwa wasomaji walitaka video zaidi, na waandishi wakafundishwa kupiga picha kwa simu.

BARAKA: Simu si tatizo, dada, mpiga picha mzuri atafanya kazi nzuri kwa simu. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kudhani kwamba kilichokuwa kikilipwa mshahara ni kidole kinachobonyeza kamera, ilhali kilikuwa ni miaka ya kuijua mitaa na kujulikana nayo. White mwenyewe alieleza hadharani kuwa hana kinyongo. Mimi nilikuwa nacho kwa niaba yake.

ZUHURA: Na darasani kwako, utaanzia wapi?

BARAKA: Jumatatu nitawaonyesha wanafunzi picha ya Woodlawn bila maelezo, kila mmoja aandike anachokiona. Kisha nitawasomea maelezo yake, nao waandike tena.