Kuweka majina na upau wa uhai juu ya mandhari ya 3D kwenye Godot 4

Haya, karibuni. Leo tunaweka upau wa uhai na majina ya wahusika juu ya mandhari ya 3D, na natumia Godot 4, programu ya kutengenezea michezo ya video. Mandhari ninayo tayari: sakafu, taa, kamera, na hawa roboti watatu wanaozunguka. Wewe hata masanduku matupu yanatosha.

Ongeza nodi, yaani kipande kimoja cha mandhari, ya aina ya CanvasLayer. Ndani yake weka Control, nodi ya kubeba vitu vya skrini, ipe mpangilio wa Full Rect ijaze skrini nzima. Ndani ya Control weka ProgressBar, ndiyo upau wetu wa uhai, isogeze kona ya juu kushoto. Endesha. Mnaona? Kamera inazunguka, upau umetulia palepale. CanvasLayer huchorwa juu ya mandhari ya 3D, kwa hiyo hata roboti akisogea mpaka ajaze skrini, upau haufunikwi.

Mimi huacha pikseli 24 kati ya upau na ukingo. Ukiubandika ukingoni kabisa, simu zenye kona za mviringo zinaumega, na sipendi mchezaji abaki kukisia uhai wake.

Sasa tumchague roboti. Nabofya... hachaguliki. Nabofya tena. Hapana. Subirini kidogo.

Nimeipata, ni ile Control. Haina rangi, huioni, lakini imetanda skrini nzima na inameza kila mbofyo kabla haujamfikia roboti. Kwenye Inspector, paneli ya mipangilio ya nodi uliyoichagua, tafuta Mouse, halafu Filter, ondoa Stop, weka Ignore. Badilisha hiyo Control kubwa tu. Ukiongeza vitufe, viache kwenye Stop, kwa sababu hivyo tunataka vishike mbofyo. Endesha... haya, kachaguliwa.

Tuje kwenye majina, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Weka Label, nodi ya maandishi, ndani ya Control, ipe skripti, na ndani ya _process, sehemu inayotekelezwa kila fremu (kila picha inapochorwa), andika hivi; roboti na kamera ni vigeuzo vinavyoelekeza kwenye nodi zao:

var nukta = roboti.global_position + Vector3.UP * 2.0
visible = not kamera.is_position_behind(nukta)
position = kamera.unproject_position(nukta) - size / 2

Ile 2.0 ni mita mbili kutoka kwenye nyayo, ili jina likae juu ya kichwa. Tunatoa nusu ya size kwa kuwa position ni kona ya juu kushoto ya maandishi, si katikati yake. Na angalia jina vizuri: ni unproject_position. Ndiyo inayotoa nukta kwenye 3D na kuileta kwenye skrini. Ile project_position inafanya kinyume.

Tafadhali usiruke mstari wa pili. Nautaja tena: is_position_behind, usiuruke. Niliwahi kuuacha, nikapoteza jioni nzima nikitafuta jina lililoelea katikati ya anga tupu. Roboti mwenyewe alikuwa nyuma ya kamera. Hesabu ya kuleta nukta kwenye skrini inagawanya kwa umbali ulio mbele ya kamera. Nukta ikiwa nyuma, umbali huo unakuwa hasi, basi kushoto kunakuwa kulia, juu kunakuwa chini, na jina linatua kwenye skrini kana kwamba mwenyewe yupo mbele yako. Hakuna kosa litakaloonyeshwa, namba inaonekana halali kabisa.

Endesha. Majina yanafuata... hapana, tazameni hapa, nakuza picha. Kamera ikizunguka haraka, jina linachelewa kidogo, linatetemeka juu ya kichwa. Jina linahesabiwa kabla kamera haijasogea, kwa hiyo linatumia mahali ilipokuwa kamera kwenye fremu iliyopita. Chagua Label, fungua Process, kwenye Priority andika 10. Namba kubwa hutekelezwa baadaye, kwa hiyo kamera inasogea kwanza. Endesha tena. Limeganda kichwani kama kofia. Safi sana!

Dirisha la kuanzia la Godot 4 ni pikseli 1152 kwa 648, na mchezaji wako atakuwa na skrini tofauti. Ingia Project Settings, Display, Window, Stretch, kwenye Mode chagua canvas_items. Maandishi yatakua pamoja na dirisha, na 3D itaendelea kuchorwa kwa pikseli za skrini yenyewe.

Kabla hujahifadhi, geuza kamera uwape roboti wote kisogo. Kama kuna jina hata moja limebaki kwenye skrini, rudi kwenye mstari wa pili.